Siku Nilipomwita Baba Mkwe kwa Jina

Nakumbuka vizuri, mwanangu, siku niliyofungua kinywa nikamwita baba mkwe wangu kwa jina lake, kwa sauti, mpaka waliokuwa nje ya mlango wakasikia. Nakusimulia wewe, mjukuu wangu, kwa sababu jana umeniletea diploma yako ya uuguzi niishike, ukaketi, ukapumua, ukasema, "Koko, nimemaliza." Nilifurahi sana, nisikufiche. Lakini neno hilo la kumaliza limeninyima usingizi usiku kucha, kwa hiyo leo vumilia, nitazungumza.

Mimi nilianza uuguzi hapa Bukavu nikiwa na diploma ya A2, ile ya shule ya sekondari, wakati nchi inaitwa Zaïre na kila mtu akiitwa citoyen au citoyenne, yaani mwananchi. Nilivaa nguo nyeupe iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Nilijua kuchoma sindano, kufunga vidonda, kupokea watoto. Mtaani watu walinisalimu kama daktari, nami, nisiseme uongo, niliitika.

Kisha ikatokea nafasi ya kwenda Kinshasa kusomea A1, diploma ya juu zaidi, miaka mitatu, na kujifunza kazi ya kulaza wagonjwa usingizi kwa ajili ya upasuaji. Mume wangu, mwalimu mpole, alikubali siku ile ile. Ila kwao ni Luhwindja, kule milimani, na mke wa mtu haondoki hivi hivi kama mbuzi aliyekata kamba. Tukapanda na kibuyu cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kumwomba baba yake ruhusa.

Mzee alikunywa, akafuta midomo, akamwambia mume wangu, maana mimi hakuwa akinisemesha moja kwa moja:

"Bibi yako iko na diplôme. Sasa anatafuta ingine ya nini? Anataka kukuwa juu yako?"

Hakukataza, hakubariki. Nilikwenda hivyo hivyo, na watoto nikawaacha kwa mama yangu kule Kadutu. Nililia ndani ya ndege, mwanangu. Darasani niliketi na vijana walionizidi wepesi wa kila kitu isipokuwa kazi yenyewe. Niliporudi na A1 yangu, mzee akawa ananiita "Madame wa Kinshasa", na hakuwa anatania.

Sasa lazima uelewe heshima ya nyumba ile. Mke wa mtoto hamgusi baba mkwe. Hamwoni akivua hata shati. Na jina lake halitamki kamwe, hata akiwa peke yake jikoni. Kama jirani ana jina kama hilo, unamtafutia lingine. Mimi niliishika desturi hiyo bila kunung'unika, maana nilimheshimu, ingawa alinichosha.

Asubuhi moja lori likaingia hospitali likitoka Luhwindja, na juu ya magunia ya mihogo wamemlaza yeye. Ngiri aliyokuwa nayo, utumbo unaojitokeza kinenani, ilikuwa imebanwa tangu siku iliyotangulia, tumbo limekuwa gumu, anatapika. Daktari alimpapasa mara moja tu akasema aingie upasuaji sasa hivi, utumbo usije ukafa ndani. Mwenzangu wa usingizi alikuwa amekwenda Kamanyola kwenye mazishi. Nilibaki mimi.

Wakamlaza mezani. Nimevaa barakoa, kichwa nimekifunika, lakini aliyatambua macho yangu. Akageuzia uso ukutani.

"Huyu ni bibi ya mutoto yangu. Mumutoe humu."

Daktari akanitazama. Alikuwa kijana, mtu wa Shabunda, na alijua vizuri mambo ya ukwe.

"Citoyenne, ukitoka sina mutu mwengine," akasema polepole.

Niliogopa. Si kazi niliyoiogopa, kazi nilikuwa naijua. Niliogopa kwamba mzee atakufa kwa ajili ya heshima yangu, na kwamba nikimlazimisha atapona akiwa amevunjiwa heshima yake. Basi nikafanya jambo ambalo Kinshasa hakuna aliyenifundisha. Nikapiga magoti pale pale, kwenye simenti, kama mke wa mtoto anavyomsalimu baba mkwe.

"Papa, niko naomba ruhusa. Leo nitakugusa. Na nikimaliza kukulalisha, nitakuamusha na jina yako, sababu batu banaamkaka na jina yabo. Kama haupendi, sema."

Maumivu yalipita usoni mwake, yakarudi.

"Hii kazi unaijua kweli?"

"Naijua, Papa. Njo ile nilienda kusomea."

"Miaka tatu ile?"

"Miaka tatu ile."

Akafumba macho. "Basi fanya."

Nikamwekea barakoa ya etha, dawa ya usingizi, nikashika taya lake kwa mikono hii unayoiona imekunjamana. Nilihesabu mapigo yake, nikatazama rangi ya midomo na ukubwa wa mboni za macho, nikipunguza dawa na kuongeza. Yote niliyoyasoma yalikuja yenyewe, moja baada ya jingine. Kwa ile A2 yangu ningeweza kumshika mkono na kumwombea tu. Daktari akafungua, akaukuta utumbo ungali mzima, akaurudisha, akashona.

Ikabaki kumwamsha. Nikaita, "Papa." Kimya. Nikaita tena, "Papa, fungua macho." Hakuna. Bukavu nzima kila mzee ni Papa, na yeye alikuwa mbali sana, asingejua ni nani anayetafutwa. Nikajaribu jina, likatoka kama la mtu mwenye mafua. Daktari akanitazama tena. Ndipo nikavuta pumzi.

"Mushagalusa! Mushagalusa, rudi!"

Macho yakafunguka. Midomo ikatafuta maneno.

"Niko," akasema.

Nililia, na sikuona haya kulia. Sijawahi kujivunia kitu kama nilivyojivunia neno lile moja la mzee.

Dada wa mume wangu, aliyemsindikiza kwenye lori, alikuwa nyuma ya mlango, amesikia yote. Baba yake alipoanza kunywa uji, akaja kunishtaki mbele yangu kwenye kitanda cha mgonjwa.

"Papa, huyu alikuita jina mbele ya batu bote."

Mzee akamaliza kijiko chake kwanza.

"Na mimi nikaitika," akasema. "Ulitaka niache kuitika?"

Kisha akanigeukia mimi, na mara ya kwanza katika maisha yetu akaniita kwa jina langu.

"Nabintu. Juu ya masomo yako ile, kuko ingine?"

"Kuko, Papa. Banaita licence. Inafundisha kuongoza kazi na kufundisha bale benye banakuja nyuma."

"Na unangojea nini?"

Hiyo ndiyo baraka niliyoondoka nayo safari ya pili. Nilisoma licence, yaani shahada, nikiwa na mvi za kwanza, nikarudi kufundisha, na leo sina haja ya kujisifu: ingia hospitali yoyote ya mji huu, utakuta mikono niliyoifundisha mimi.

Kwa hiyo, mwanangu, diploma yako nzuri, itundike sebuleni, waalike watu waje kula na kunywa. Ila usiseme umemaliza. Umepewa ruhusa ya kuanza tu. Fanya kazi kwanza, uone ni wapi mikono yako inaishia na mgonjwa bado anakuhitaji, kisha urudi shule ukatafute kilichopungua. Ukiketi na walio wadogo kwako, keti vizuri. Na wale wa nyumbani wasioelewa, usiwadharau na usiwatii kwa hofu. Piga magoti kwa heshima yote, halafu simama ufanye ulichosomea.

Mungu akupe macho ya kuona kabla mashine haijaona, na mkono usiotetemeka. Akupe mume atakayekubali siku ile ile, kama wangu. Na kila utakayemlaza na kumwita, mwanangu, aitike.