Somo la Nne la Rukia

Mie nimeshachekwa na ukumbi mzima wa watu, wazee kwa watoto, Waarabu kwa Wazungu, na wengine naapa walikuwa hawajui hata wanacheka nini, walicheka kwa sababu jirani yao anacheka. Aibu ile nimekaa nayo miaka. Leo naitoa yote mwenyewe, maana kila nikiisikia kwa watu naikuta imeongezwa chumvi, na wallahi chumvi haikuwa na haja.

Kwanza mjue nilikuwa mtu gani. Nilikuwa miongoni mwa wale washauri wa bure, na Landani tunao tele: mtu kaishia Fomu Foo Unguja, tena kwa kusukumwa, lakini mkutanishe na wenzake arusini au msibani, kashika sahani yake ya pilau, basi atakupangia vyuo vikuu vyote vya Uingereza kipi cha kwanza kipi cha mwisho, na mtoto wa nani anafaa kwenda wapi (wake mwenyewe kimya, hajamuuliza). Hodari wetu alikuwa Masoud, jirani yangu hapa Walthamstow, ambaye mwanawe alichukua masomo matano mahali ambapo wenzake huchukua matatu au manne, na Masoud akaitangaza ile tano utadhani yeye ndiye aliyefanya mitihani. Nilikuwa namdharau sana, na usiku na mchana nawaza jinsi ya kumpita.

Basi ikafika zamu yangu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, binti yangu Rukia ana miaka kumi na sita, na katika nchi hii mtoto akifika umri huo huacha masomo mengine yote akachagua machache tu, na hayo machache ndiyo yatakayoamua chuo kikuu kimpokee au kimfungie mlango. Rukia alitaka udaktari, na udaktari hapa vyuo vyake vinachagua watu kama wanawake wanavyochagua nyanya sokoni, wanabonyeza moja moja. Kachagua vizuri mwenyewe: Kemia, Baiolojia na Hisabati. La nne akaandika Historia. Mwalimu wake alimwambia vyuo vikubwa hupenda mtoto mwenye sayansi madhubuti na somo moja la kumfundisha kusoma sana, kupima maneno na kuandika hoja yake.

"Historia!" nikapiga kelele. "Daktari gani anatibu watu kwa Historia? Weka Kiarabu. Umehitimu msahafu mara mbili, hiyo alama ya A imelala pale inakungoja."

Rukia akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba kusoma anajua lakini maana hajui.

"Maana itakuja yenyewe," nikamwambia.

Mama yake akatoka jikoni. "Baba Rukia, mwache mtoto. Wewe mwenyewe hicho Kiarabu unakijua?"

"Mie nisijue Kiarabu! Nani anayeomba dua khitma zote za hapa?"

Na hilo ni kweli, dua nilikuwa naiomba mie, si kwa elimu, kwa sauti tu. Nina sauti nzuri, alhamdulillahi, na dua ya khitma, ile ya kumwombea maiti, nimeihifadhi toka chuo cha Kurani kwa maalim, kwa kofi na bakora, mwanzo mpaka mwisho. Nikianza watu hulia. Lakini ukinisimamisha katikati ukaniuliza neno hili maana yake nini, nitakuambia ngoja nimalize.

Jioni ya kuchagua masomo tukaenda skuli, mie na Rukia. Ukumbi umejaa wazazi, kila somo na meza yake na mwalimu wake. Meza ya Kiarabu ilikuwa na mwalimu wa Kimisri, mwanamke mchangamfu, na pembeni yake nani kasimama? Masoud, kaja na mwanawe wa pili. Mwalimu akanisalimu kwa Kiingereza, na mie ningemjibu kwa Kiingereza yangeishia pale pale. Lakini Masoud ananitazama! Nikaitoa salamu ndefu ya Kiarabu, herufi nikazitoa kooni kwelikweli, nikajitambulisha jina na ukoo, mwalimu akafurahi akafungua bomba la maneno, na mie kila akipumua natia, "Naam." Akiuliza natia, "Inshallah." Mwisho akanisisitizia jambo, kakunjua uso, nami nikaweka mkono kifuani nikamwambia, "Inshallah, inshallah, alhamdulillahi." Akaondoka mbio kwenda kuzungumza na mkuu wa skuli.

"Kasema nini, Dad?" Rukia akauliza kwa Kiingereza chake.

"Anakusifu."

Masoud alinyamaza. Ile raha ya kumwona Masoud kanyamaza, jamani, siwezi kuieleza, na Mungu alinipa kama robo saa ya kuila.

Halafu mkuu wa skuli, Mzungu mrefu mwenye tabasamu la kudumu, akapanda jukwaani akaushukuru umma, akasema safari hii wapo wazazi wengi Waarabu, Wairaki na wengineo, ambao Kiingereza chao bado kidogo, na kwa bahati njema kuna mzazi mwenzao amekubali kwa hiari yake kuwaeleza kwa Kiarabu jinsi watoto wanavyochagua masomo. Nikageuka kumtafuta huyo mzazi ni nani. Nikasikia jina langu.

Rukia akanishika mkono. "Dad, don't."

Mtu mwenye akili angesema samahani, pametokea makosa. Mie nikapanda! Watu wanapiga makofi, Masoud naye anapiga, nitashukaje? Nikakamata kipaza sauti, nikasema bismillahi, nikamsalia Mtume, na hapo ghala lote la Kiarabu changu likawa limekwisha, mbele yangu mamia ya macho, na ulimi wangu, ambao ukipewa kipaza sauti na umati unajua kazi moja tu, ukashika njia yake ukaanza dua ya khitma.

Na nikaiomba vizuri, hilo sitaki mnidhulumu. Safu za mbele nikaona wazee wa Kiarabu wanatazamana, kisha mmoja mmoja wakanyanyua mikono wakawa wanaitikia amin, nyuso zimewabadilika, mama mmoja kashika mtandio anafuta macho. Nikafika pahala pale ambapo muombaji hutaja jina la marehemu. Hapo ndipo nilipozindukia nasoma nini na niko wapi. Mkono wangu wenyewe ukanyooka kwa mkuu wa skuli, kumwomba aniokoe, na yeye maskini akadhani namtambulisha, akainama kwenye kipaza sauti akatamka jina lake kamili kwa sauti ya kupendeza, akaongeza, "na nitakuwa pamoja nanyi daima."

"Amin," wakaitikia wazee wawili watatu, kwa mazoea.

Vijana wanaojua Kiarabu ndio walioanza. Kicheko kikatoka nyuma kikaja mbele, na yule mama aliyekuwa akilia akapanda ngazi akamshika mkuu wa skuli mkono kwa huruma akampa pole ya msiba, na mkuu akamshukuru sana. Mwalimu wa Kimisri ikabidi amweleze mkuu wake sikioni kwamba ameombewa dua ya maiti. Tabasamu la kudumu likatoka. Masoud alikuwa kakaa chini, kajishika mbavu.

Tukarudi kwa basi, ghorofa ya juu, mie na Rukia, na njia nzima namngojea anicheke au alie. Tulipokaribia kushuka akanigeukia, na mtoto huyu ambaye tangu aanze skuli hakuwahi kunijibu kwa lugha yangu, akasema kwa Kiswahili, polepole, anatafuta neno moja moja:

"Baba, pale juu ulikuwa unasema vitu hujui maana. Watu wanasema amin, wewe unaendelea. Unataka na mimi nikae hivyo miaka miwili? Halafu nikose udaktari kwa somo lako?"

Maneno yale yaliniuma kuliko kicheko cha ukumbi, kwa sababu wale walinicheka kwa nilichojitia mwenyewe, na huyu alikuwa ananiomba nisimtie yeye.

Kesho yake alipeleka masomo yake aliyoyataka, yote manne, na mie sikuuliza. Toka siku ile nikikaa arusini au msibani na wale mabingwa wakaanza kuwapangia watoto wa watu, mie nakula pilau langu kimya. Wakinibana sana niseme, nawaambia neno moja tu: muulizeni mtoto, ndiye atakayekaa darasani.