Fundi Alipompima Mama

Nilitaka gari langu kuukuu la foo-wili liinuliwe tu kwa springi ndefu, lipite barabara mbovu, nifike nalo Karamoja. Fundi wa Kisenyi, Mkongomani mbishi kuliko mimi, alikataa kugusa springi mpaka nilete mzigo wote wa safari, na abiria pia, ajue uzito zitakaoubeba. Nilinuna, lakini nikapakia hema, tairi la akiba na jerikeni za maji. Rafiki niliyepanga kusafiri naye alikuwa kazini, nikamwomba mama akae mahali pake wakati wa kupima tu. Tangu baba afariki, mama hakuwahi kutoka Kampala.

Fundi alipima nafasi juu ya matairi, akaandika kwa chaki. “Mama, sasa unaweza kushuka.”

Mama akafunga mkanda.

“Umepima nikiwa ndani,” alimwambia. “Nikishuka, si itabidi upime upya?”