Bunduki Nyekundu Hamamuni

Mkwe wangu alinipa mimi bunduki yake niitengeneze, hakumpa mwanawe wa kumzaa, shemegi yangu. Nadhani ugomvi wetu ulianzia hapo. Huenda nakosea, mimi kusoma kwangu Unguja kumeishia darasa la sita, na nyoyo za watu sizijui.

Ilikuwa bunduki kuukuu ya jeshi, ya risasi moja moja, haijapigwa miaka. Chuma kilikuwa na mabaka ya kutu kama ngozi yenye choa. Mzee alitaka asimame nayo Idi, kwenye razha, pale wanaume wanapojipanga safu wakaimba na silaha zao begani. Alikuwa kila Idi anakaa ndani kwa haya. Akanambia, "Nataka iwe nyeusi, kama nilivyopewa na marehemu baba. Nisimame nayo mara moja tu, mwanangu, inanitosha."

Kazi ile nilionyeshwa na fundi mmoja wa sokoni Nizwa, huku Omani. Si kupaka rangi. Unatoa kutu ya zamani, unaosha mafuta yote, kisha unaitia kutu mpya kwa makusudi, iliyo sawasawa. Halafu unaichemsha, na ule wekundu unageuka mweusi. Unasugua, unarudia, mpaka weusi ukolee. Ibra tunapokaa ni kukavu, na kutu hutaka unyevu, basi niliitundika hamamuni na ndoo ya maji moto chini yake. Maji ya falaji, ule mfereji wa mashambani, yana chokaa, hayafai kuchemshia. Nikawa nakinga yanayodondoka kwenye kiyoyozi. Mke wangu akasema, "Tukaoge wapi sasa, kambini kwa wanajeshi?" Lakini alivumilia, nampa haki yake.

Ilibaki kuchemshwa mara ya mwisho alipokuja shemegi yangu kutoka Sur, kuifuata kwa ajili ya Idi. Akaomba kutia udhu. Nikasikia ukelele huko hamamuni.

"Yaa Rabbi! Umeifanya nini bunduki ya baba?"

"Ndivyo inavyotakiwa, shemegi. Nikishaichemsha..."

"Uichemshe? Muhogo huu?"

"Nisikilize kwanza."

"Nikusikilize nini? Wazee wetu sisi walitoka huku wakafika Tabora na bunduki mkononi. Nyinyi wa Unguja mnajua kukoroga halua tu!"

Akaifunga kwa taulo langu akaondoka nayo. Niseme haki: mtu asiyejua, akiona chuma chekundu vile, lazima ashtuke. Hata mimi ningeshtuka. Lakini kutoka Ibra mpaka Sur ni mwendo, na simu nyumbani kwake ipo. Angeweza kuuliza. Hakuuliza. Alichukua msasa akaikwangua yote, mpaka ikawa nyeupe, inang'aa kama kijiko cha hoteli.

Asubuhi ya Idi nilikuwepo. Mzee macho yake hayaoni vizuri. Aliishika, akaingia safuni kajinyoosha kama kijana. Mmoja wa wenzake akamwambia, "Babu, hiyo umenunua duka la vyombo?" Wakacheka. Sidhani walikusudia kumuumiza, ni mzaha wa Idi. Mzee akaisogeza karibu na uso, akaitazama. Akatoka safuni wimbo haujesha.

Tulipokaa kula akanigeukia mimi.

"Nilikwambia nyeusi."

Shemegi alikuwa anachambua nyama. Aliendelea kuchambua. Sikukasirika kwa ule msasa kama nilivyokasirika kwa kimya kile. Nikarudisha tonge siniani.

"Baba, kutu niliitia mimi," nikasema. "Msasa si wangu."

Mzee akamtazama mwanawe. "Kweli?"

"Ilikuwa imeharibika, baba."

"Nimekuuliza msasa."

"Naam."

"Mrudishie amalize."

"Razha si imeshapita?" akajibu, na bado anatafuna.

Nilianza upya, nikaimaliza. Ilitoka nyeusi, na mzee aliipapasa, akaniombea dua. Lakini safuni hakurudi tena. Alisema kucheka kwa watu kumemtosha, na Idi iliyofuata hakuifikia.

Shemegi hakukusudia ubaya, nalijua hilo na ndiyo maana naliandika. Tukikutana misibani namwamkia, namuuliza watoto. Mke wangu husema ni ndugu yake, nimwachie Mungu. Anasema kweli. Nimejaribu, wallahi, na hata sasa ninavyoandika taya zimenibana.