Taa Nyuma ya Picha ya Bikira Maria

Diploma yangu nimeiweka kwenye fremu ya kioo, nikaitundika ukutani katika gereji yangu hapa Mbinga, juu kidogo ya pale ninapopanga matairi. Wapo wanaosema ni majivuno. Ni kweli. Niliondoka hapa bila nauli ya kurudi, nikabeba mizigo ya watu Dar, nikaosha magari ya watu, nikasoma jioni mpaka nikaipata ile karatasi, na gereji hii nimeijenga mwenyewe bila mjomba wala mbunge. Mteja akiingia nataka aisome kwanza, ndipo anieleze ugonjwa wa gari lake.

Aliyeisoma kwa muda mrefu kuliko wote ni mwalimu wangu wa shule ya msingi, mstaafu sasa. Alisimama mbele yake, miwani ikiwa imeteremka puani, akaishuka mstari kwa mstari mpaka kwenye muhuri kama anayesahihisha.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Jina lako wameliandika vizuri," alisema. "Wewe ulikuwa unalikosea mpaka darasa la nne."

Mke wake, aliyebaki kwenye gari, akacheka mpaka akashika mbavu. Yeye ni mtu wa ziwani, wa Lundo, na watu wa ziwani hawakai kimya Mmatengo, mtu wa huku milimani, anapochekwa.

Mwalimu huyu aliwahi kuniambia mbele ya darasa zima kwamba mikono yangu ina akili kuliko kichwa. Neno hilo nilitembea nalo hadi Dar na kurudi nalo. Siku hiyo alikuwa amekuja kutafuta vyote viwili, mikono na kichwa.

Gari lao ni dogo, la petroli, la zamani lakini limetunzwa. Shida yake ilikuwa asubuhi za baridi. Ukipiga stata linaguna, linashika, linatetemeka mpaka vioo vinalia, kisha linazimika. Likishapata moto halina neno. Halafu kulikuwa na taa ya njano ya injini, ambayo mafundi waliizima kwa mashine zao na kila mara ikarudi.

"Iko wapi hiyo taa?" niliuliza, maana kwenye dashibodi sikuiona.

Mama, mke wa Mwalimu, akaonyesha picha ndogo ya Bikira Maria iliyobandikwa hapo kwa gundi. "Iko nyuma yake. Ilikuwa inaninyima amani, nikamkabidhi yeye."

Kisha Mwalimu akanieleza jambo lililokuwa linawanyima usingizi. Mama ana kliniki ya presha, na ili kuwahi foleni ya hospitali lazima waondoke ukungu haujapanda. Mara ya mwisho gari liligoma pale pale uani na hawakwenda. Mtoto wao aliyeko Dar akapiga simu na kusema gari liuzwe, wao wakakae kwake.

"Ametupa muda hadi kliniki ijayo," alisema Mwalimu. "Likigoma tena, anakuja kutuchukua."

"Nikakae ghorofani niangalie kuta za watu?" Mama akadakia. "Kahawa yangu itachumwa na nani? Wewe mwanangu, litengeneze hili gari."

Nikamwambia litapona. Sina tabia ya kusema tutajaribu.

Nilianza pale ambapo fundi yeyote mwenye shule angeanza. Nikaunganisha mashine yangu, ikasema injini haifikii joto lake la kawaida. Fundi aliyenitangulia aliona ujumbe huo huo na akabadilisha sensa, kile kipimo kinachoiambia kompyuta ya gari joto la injini. Niliikuta mpya kabisa, inang'aa. Nikafungua plagi, zikatoka nyeusi kwa masizi kama zimeokwa jikoni. Nikaweka nyingine, nikazima taa, gari likawaka vizuri nikawakabidhi. Baridi iliyofuata haikukawia. Mwalimu akarudi nalo, linatetemeka.

"Fundi, diploma yako imeshikwa na mafua."

"Acha gari lilale hapa, Mwalimu."

"Lilale. Hata mimi nilikuwa nawabakiza wanaorudia mtihani."

Sikubabaika. Masizi yalikuwa yameniambia jambo moja la hakika, kwamba injini ilikuwa inamwagiwa petroli nyingi kuliko inavyoweza kuchoma. Kompyuta ya gari hufanya hivyo ikiamini injini bado ya baridi. Sensa ilikuwa mpya na nzima. Basi huenda haikuwa inadanganya, na injini ilikuwa ya baridi kweli, muda wote.

Asubuhi, ukungu ukiwa umelalia mikahawa ya shamba la jirani, nilifungua boneti la gari lililolala nje usiku kucha. Nikaliwasha, likatetemeka kama kawaida yake, nikaweka kiganja kwenye mpira wa juu unaopeleka maji kwenye rejeta. Ndani ya injini kuna kidude kidogo kinaitwa themostati. Kazi yake ni kuyazuia maji yasiende kupozwa mpaka injini ipate moto, ndipo kinafunguka. Kwenye gari lisilo na ubovu, mpira ule unabaki wa baridi kwa muda mrefu, halafu unakuwa wa moto ghafla. Huu ulianza kuwa vuguvugu mapema, ukaendelea kupanda polepole pamoja na injini. Maji yalikuwa yanapita tangu mwanzo. Mlango haukuwepo.

Nikalizima, nikafungua. Mahali pa themostati palikuwa patupu, pamesafishwa vizuri na kufungwa kwa gundi. Nikawaita wote wawili.

"Mwalimu, nani aliitoa themostati?"

"Themostati gani? Mimi sijawahi kumruhusu mtu."

Mama akaanza kuangalia kanga yake. "Itakuwa ile siku tulipotoka msibani Mbamba Bay. Gari lilichemka kwenye kupanda mlima. Mtoto wa dada yangu, yule fundi wa kule ziwani, tulimpigia simu akatufuata. Akatoa kidude, akasema sasa halitachemka tena. Na halikuchemka."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa unawaeleza abiria wa basi lililosimama pale historia ya barabara ile."

Kule ziwani mafundi wengi huitoa. Joto la kule na mlima ule vinawatisha, na kwa gari linaloshinda ufukweni madhara hayaonekani haraka. Lakini gari la kulala Mbinga mwezi wa sita ni habari nyingine. Na bado kulikuwa na swali ambalo fundi wa kawaida asingeuliza. Rejeta ilikuwa safi, feni inazunguka, maji hayavuji. Kwa nini lilichemka siku ile?

Nikainama mbele ya gari. Kwenye matundu ya grili kulikuwa na nyuzi za katani zimenasa.

"Mwalimu, wewe unalivika gunia?"

"Kila asubuhi ya baridi. Gunia la kahawa, nalikunja mbele ya rejeta injini ipate joto. Baba yangu alifanya hivyo kwenye lori la chama cha ushirika."

"Na siku ya msiba ulilitoa kabla ya kuteremka ziwani?"

Mama akajibu kwa niaba yake. "Alilitoa lilipochemka. Akanitandikia nikalie."

Ndiyo maana fundi wa ziwani hakuliona. Alilikuta gari limechemka bila sababu, na sababu yenyewe imekaliwa na mama yake mdogo kando ya barabara.

"Kwa hiyo," Mama alisema taratibu, akifurahia kila neno, "Mmatengo alilivika blanketi kwenye joto, na sisi tukalivua nguo, likaja kulala kwenye baridi. Maskini gari la watu."

Mwalimu alicheka hadi akavua miwani.

Niliagiza themostati mpya Songea, nikaifunga, nikasafisha plagi, na gunia nikalichukua mimi, naweka vyuma. Halafu nikaliteremsha gari Mbamba Bay mchana wa jua kali na kulipandisha nikiwa nimejaza mizigo, maana gari la huku lazima lifaulu baridi na mlima pia. Mshale wa joto ulisimama katikati, haukucheza.

Asubuhi ya kliniki nilikuwa uani kwao. Hawakuniita, kazi yangu naifuata mpaka mwisho. Mwalimu akapiga stata mara moja. Injini ikashika, ikatulia, vioo kimya. Nikamwomba Mama aihamishe picha, kwa sababu taa lazima ionekane, na kwa heshima aliisogeza hadi upande wake wa abiria. Nyuma yake palikuwa peusi. Taa ilikuwa imezimika.

Simu ya Mwalimu ikalia. Sauti ya mtoto wao ikatoka wazi. "Baba, mmeshafungasha?"

"Tumefungasha mahindi," alisema Mwalimu. "Tutakutumia kwa basi. Sasa niache, niko barabarani, nampeleka mama yako."

Akaweka gia, kisha akanitazama dirishani. "Kichwa nacho kimo," alisema, wakaondoka.