Mchele Uliokwenda Songea

Mpaka leo nikifungua buti la gari lenye mchele mpya, harufu yake ikichanganyika na ya petroli, hasira hunipanda. Wengine harufu ile huwakumbusha sikukuu. Mimi hunikumbusha Mjomba Gervas akiwa amejilaza chini ya kigari chake, miguu nje, akituhubiria kutoka huko uvunguni: "Safari ni maandalizi, watoto!"

Niwaambie wazi kwamba sikumpenda. Alikuwa karani kwenye mashamba ya miwa, na miaka ile ya tisini mwanzoni karani mwenye gari, hata la milango miwili linalokohoa kama mzee mvuta kiko, alijiona mkuu wa mkoa. Akija kwetu Mlabani alipiga honi tangu njia panda, ili majirani wapate muda wa kutoka nje kumtazama.

Safari yenyewe ilikuwa ya Bibi. Mama Mdogo, kitindamimba wake, alikuwa anaweka nadhiri za daima kwa masista huko Songea, na Bibi hakuwa amemtia machoni kwa miaka sita. Alishonewa kitenge kipya, akakitundika ukutani, na kila akipita alikigusa. Mimi, mtoto wa miaka tisa, niliingizwa safarini kwa kazi moja tu: kumshika Bibi mkono na kumchotea maji njiani. Tulikuwa wanne, Mjomba na mkewe mbele, Bibi na mimi nyuma. Kigari kilitutosha.

Wala Bibi hakuwa mtu wa kuogopa barabara. Aliwahi kushuka kutoka Mahenge juu ya lori la magunia, ameshika kamba, akavuka mto kwa kivuko, akafika kwetu anacheka, mwili mzima mwekundu kwa vumbi. Habari hiyo alinisimulia mara nyingi sana, na kila mara lile lori lilizidi kwenda kasi.

Maandalizi yalichukua wiki nzima. Mjomba alichongewa vipande vya mninga na seremala, akavibana kwenye springi za nyuma ili gari lisikae chini. Kisha akapanda kwenye buti na kujirusharusha kwa makalio, mtu mzima na suruali yake ya ofisini, huku akitukodolea macho. "Mnaona? Halibonyei!" Akafuta bodi yote kwa tambara lenye mafuta ya taa mpaka ikameta. Kwa barabara zetu, kulipaka gari mafuta ya taa ni kuliita vumbi kwa jina lake, lakini nani angemwambia fundi wa kila kitu?

Kwa nini springi ziongezewe nguvu kwa ajili ya watu wanne, mmoja wao mtoto? Tulikuja kujua Ijumaa, mzigo ulipofika. Magunia mawili ya mchele kutoka Mchombe, na tenga la samaki wakavu kutoka Malinyi. "Mkono mtupu haulambwi," alisema Mjomba akijipiga kifua. Hakutaka kufika Songea kama kaka wa mtawa. Alitaka kufika kama Kilombero nzima. Buti lilimeza gunia moja. Tairi la spea lilipandishwa juu kwenye keria pamoja na samaki. Gunia la pili likalazwa kwenye kiti cha nyuma, likajinafasi kama bwana harusi. Kando yake pakabaki mahali pa mtu mmoja, tena mwembamba.

Jumamosi asubuhi majirani walijaa uani kutuaga. Mimi niliona nafasi ni moja, nikawahi kuingia. Bibi akatoka na kitenge chake, rozari mkononi, kimto kidogo kwapani, akaja mpaka mlangoni mwa gari. Mjomba akainama kukagua upepo wa matairi, ambao alikwisha kuukagua mara tatu.

"Mama," alisema bila kuinua uso, "zile kona za Kitonga si mchezo. Na wewe na presha yako hiyo..."

Bibi alilitazama gunia. Akawatazama majirani. Akanitazama mimi.

"Kweli, baba," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Magari hunitia kizunguzungu. Nendeni tu."

Kizunguzungu! Yule wa juu ya lori! Nilimdharau papo hapo kwa kukubali kirahisi namna ile. Akanipa kimto nikikalie. "Kanisalimie mwanangu," aliniambia, akasogea nyuma mlango ufungwe.

Kabla hatujafika Mang'ula vumbi lilikuwa limenata kwenye bodi nzima, na gari likawa rangi ya barabara. Tulifika Songea siku ya pili. Mama Mdogo alitoka mbio, akamwamkia kaka yake shikamoo, akainama kuchungulia kiti cha nyuma. Akazunguka upande wa pili, akachungulia tena.

"Mama yuko wapi?"

Mjomba akafungua buti.

Mtawa wa jikoni aliupokea mchele wetu kwa shukrani, akaagiza upangwe juu ya magunia mengine ya mchele. Bibi na binti yake hawakuonana tena. Masika ya mwaka uliofuata tulimzika Bibi na kitenge kile.

Nilikuwa na watoto wangu mwenyewe nilipoelewa kwamba hakukubali kwa woga. Alikuwa anamfichia mwanawe aibu mbele za watu, na nadhani alikuwa ameizoea kazi hiyo. Hilo angalau nililielewa. Lililobaki nilikuwa nalikwepa. Miaka yote nimemsimulia Mjomba kwa dharau, na watu hucheka sana ninapofika pale pa kujirusharusha kwa makalio. Siwaambii kwamba gunia halikuwa na miguu ya kushukia, mimi nilikuwa nayo. Habari za lori nilizijua kuliko mtu yeyote pale uani. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kuiona Songea. Niliyewekwa kumshika Bibi mkono ndiye niliyefika, nimekalia mto wake.