Chombo Kisicho na Moto

Wallahi hili lilinikuta mimi mwenyewe, na wala si usiku. Ilikuwa saa tisa mchana, jua la Bariadi linachoma utosi, sina homa wala usingizi. Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi, maana huko mbele sidhani kama utaweza.

Mimi nauza vitenge. Siku za mnada napakia mzigo nakwenda Nkololo. Nilikuwa nimeachana na pikipiki ya petroli, nikanunua ya umeme, na niliringa nayo, sikufichi. Haina moshi, haina kelele. Muuzaji alinihakikishia kwamba haihitaji namba wala leseni. "Mama, hiki si chombo cha moto," alisema. "Moto uko wapi hapo?" Nikaamini, na leseni yangu ya zamani ikaisha muda, sikuihuisha. Nani hapendi kuambiwa anachotaka kusikia?

Siku hiyo nilikuwa narudi mjini. Kwenye kona yenye uzio wa minyaa, ndama akachomoza. Sikumwona, naye hakunisikia. Angenisikiaje? Nikamgonga mguu wa nyuma. Niliyumba, lakini sikuanguka. Nikatazama huku na huku, hapakuwa na mtu. Ndama alikuwa chini, ananiangalia.

Hapa ndipo ninapoona aibu mpaka leo. Nilijiambia: hiki si chombo cha moto, sheria hainihusu. Nikaondoka.

Sikufika mbali. Mbele yangu alikuwa anatembea mzee mmoja aliyejifunga shuka. Mguu wa kushoto ulikuwa na katambuga, kile kiatu cha tairi, na wa kulia ulikuwa peku. Mkononi alishika kengele ya ng'ombe, ameubana ulimi wa hiyo kengele kwa kidole isilie. Nikampita. Baada ya kona nikamkuta tena mbele yangu. Nikampita kwa mwendo wote nilionao. Nikamkuta tena, anatembea polepole vilevile, wala hahemi. Niamini, pikipiki ikazima yenyewe pembeni yake, betri ikiwa bado na chaji.

"Mwadila, mayu," alinisalimia kwa Kisukuma, kama mtu aliyekutana na jirani.

"Mwadila, baba," nikajibu.

"Bado anapumua," alisema. Hakunifokea. Laiti angenifokea! "Na mimi nilikuwa bado napumua. Nilisikia lori linasimama, halafu nikasikia linaondoka."

Nilifumba macho kwa hofu. Nilipofumbua, barabara ilikuwa tupu, na kwenye vumbi palikuwa na alama za matairi yangu tu.

Pikipiki ikawaka, nikageuza, nikalia njia nzima. Kwenye ile kona nilimkuta bibi mmoja amekaa chini, amepakata kichwa cha ndama. Aliishi peke yake nyuma ya ile minyaa, na mama wa ndama ndiye ng'ombe pekee aliyembakia. "Mayu, ni mimi niliyemgonga," nikamwambia. "Nilikimbia." Nikampa jina langu na mahali ninapouzia. Kisha nikamweleza habari za yule mzee, maana ningepasuka.

"Katambuga mguu wa kushoto?" aliuliza.

Nikaitikia. Akaendelea kumpapasa ndama. Akaniambia yule mzee alikuwa mumewe. Miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia, malori yakawa yanashindana barabarani. Mzee alikuwa anatoka mnadani na kengele mpya ya ng'ombe wake, lori likamgonga. Alikutwa asubuhi, amekwisha kufa, katambuga imebaki mguu wa kushoto tu. Dereva hajulikani mpaka leo.

"Niliambiwa alikufa palepale," bibi alisema. "Kumbe alilisikia likiondoka." Tukalia wote wawili, palepale vumbini.

Jioni hiyohiyo nilikwenda polisi. Nilipoanza zile habari zangu za chombo cha moto, askari wa barabarani alinikatisha. "Mama, umeme si moto? Hebu shika waya uone." Akanieleza taratibu kwamba ukigonga mnyama wa mtu unasimama, unamtafuta mwenyewe, unampa jina na namba ya chombo, kisha unaripoti kituoni. Akanishtaki kwa kukosa leseni na namba, na sikubisha. Bwana mifugo nilimlipa mimi, nikawa nampelekea ndama majani mpaka mguu ukaunga. Anachechemea kidogo, lakini anakimbia.

Siku ya mwisho ya kupeleka majani, bibi alinipa ile kengele aliyokutwa nayo mumewe. "Funga kwenye chombo chako," alisema, "wakusikie unakuja."

"Wabeja, mayu," nikamshukuru.

Ipo kwenye usukani hadi leo. Inalia njia nzima, watu wananicheka, wananiita ng'ombe wa mjini. Lakini nikifika ile kona inanyamaza ghafla, hata barabara iwe na mashimo kiasi gani, kana kwamba mtu ameubana ulimi wake kwa kidole. Nami nasimama, nasalimia, "Mwadila, baba." Nikiondoka, inalia tena.

Basi wewe mwenye chombo cha umeme, ukigonga, iwe ng'ombe, iwe mbuzi, simama. Usiangalie kwanza kama kuna aliyekuona. Hata kama chombo chako hakina mlio, aliye chini anakusikia ukiondoka.