Hodi Bungoma

Hakuwahi kufungua tovuti ya mtu kabla ya kugonga kioo cha kompyuta kwa kidole na kusema hodi. Kila Ijumaa, katika saiba moja ya intaneti mjini Bungoma, mtunza mduara alizipitia tovuti tisa za wafugaji wa kuku zilizounganishwa kuwa mduara, kila moja ikimpeleka mgeni kwa jirani yake, mpaka arudi alikoanzia. Tovuti ya mwanachama mpya isipofunguka Ijumaa tatu, alitolewa. Nyaruai wa Kitale, aliyejiunga majuzi kwa sababu tovuti yake ilikuwa imekosa wageni, alipigiwa simu Ijumaa ya tatu.

"Mama, nimebisha, hakuna mtu. Jioni nakutoa."

Nyaruai akafunga safari hadi Bungoma. Akasimama nyuma ya kiti cha mtunza mduara, akavitazama vidole vyake vinene vikiandika polepole: kukuwakitare.

"Si ni Kitale?"

"Si ndiyo nimeandika, mama? Kitare."

Nyaruai akainama, akafuta herufi moja, akaweka nyingine. Mtunza mduara akagonga kioo upya. Kuku wakajitokeza, naye akawavulia kofia. Alipomsindikiza hadi mlangoni, bado alikuwa ameishika mkononi.

"Pore sana, mama," akasema. "Kumbe wiki zote hizo nabisha kwa jirani."